Paka wamejaa mtaani, mbona panya hawaishi?

Swali ninaloulizwa sana msimu huu hapa Msanzi ni hili: "Bwana shamba, kwetu paka hawahesabiki, mbona panya bado wanatumalizia mahindi?"

Nisemeje? Kosa si la paka. Sisi tunampa kazi isiyokwisha, halafu tunamuua kwa mikono yetu wenyewe.

Panya shamba huhamia majumbani mahindi yakishavunwa. Jike mmoja huzaa watoto 10 au zaidi kwa mkupuo, na mimba yake ni kama wiki 3 tu. Sasa wewe umerundika mahindi chumbani hadi ukutani, maharage yako kwenye gunia lililotoboka, pumba iko wazi jikoni. Paka atakamata wawili watatu, tena wale wadogo. Panya mkubwa wa darini paka wengi wanamkwepa. Waliobaki wako nyuma ya magunia, paka hapiti.

Hata utafiti uliofanyika vijijini Eswatini na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha hivyo. Penye paka peke yake, panya waliendelea kula karibu kama kawaida. Penye paka na mbwa pamoja ndipo walipopunguza kutoka kwenda kutafuta chakula. Yaani paka ni msaidizi, asiachiwe kazi yote.

Linaloniuma zaidi ni sumu. Mtu anachoka, anakwenda mnadani ananunua sumu ya kupima, haina lebo, anachanganya na dagaa wa Kasanga anaweka mlangoni usiku bila kumwambia jirani. Dagaa ni chakula cha nani kwanza? Cha paka! Na hata asipokula dagaa, sumu nyingine haziui hapohapo. Panya anazurura siku kadhaa akiwa amelegea, paka anamdaka kirahisi, na yeye anakufa. Baada ya hapo panya waliosalia wanazaa bila bughudha, na majirani hawasalimiani. Bado sijataja mtoto anayetambaa.

Kwa maoni yangu, kabla ya sumu tufanye haya:

1. Inua magunia juu ya chaga, yaache nusu mita kutoka ukutani, ili paka apite na wewe uone mavi ya panya mapema. Mifuko ya kinga njaa inazuia wadudu, panya anaitoboa tu.

2. Kihenge kiwe juu ya miguu, kila mguu uvikwe bati lililokunjwa kama faneli, mdomo ukiangalia chini, kama mita 1 kutoka ardhini. Matawi na kuni visiguse kihenge.

3. Funika pumba, unga na masalia ya chakula kabla ya kulala. Fyeka majani kuzunguka nyumba, ziba matundu.

4. Tega mitego ya kubana kandokando ya ukuta, mahali ambapo paka na watoto hawafiki. Panya aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu, mzike. Viroboto wake wanaweza kuleta tauni.

5. Paka mpe chakula kidogo nyumbani. Mwenye njaa kali atahama, au atakula vifaranga vya jirani.

Ikibidi sumu, nunua yenye lebo, iliyosajiliwa na TPHPA, iweke ndani ya kiboksi chenye tundu dogo la panya tu, na uwataarifu majirani.

La mwisho: ukisafisha wewe peke yako, panya wanahamia kwa jirani na kesho wanarudi. Jambo hili lipelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji, ipangwe siku moja kila kaya isafishe na kutega. Mahindi uliyoyapalilia kwa jasho yasiishie darini.