Tangi Tupu na Kwaya Zetu

Tarehe 8 Oktoba 1988 wanamuziki watatu wa Marekani, Pauline Oliveros, Stuart Dempster na Panaiotis, walishuka kwenye tangi tupu la maji lililojengwa chini ya ardhi katika ngome ya zamani ya jeshi, Fort Worden, jimbo la Washington. Tangi hilo lilijengwa kuhifadhi zaidi ya lita milioni 7. Humo sauti moja huchukua sekunde 45 hivi hadi ipotee. Ukisali Baba Yetu bila kukimbia, unafika "amina" na sauti bado inazunguka.

Walipiga kodiani na tromboni, wakaimba, wakarekodi. Nilisikiliza rekodi hiyo likizo hii huku Mbuchi, kwa hedifoni. Delta yetu haina mapango. Ukichimba kidogo tu maji haya hapa. Basi sikupata kile walichopata wao, sauti kukuzunguka mwili mzima kutoka kila ukuta. Lakini jambo moja lilinigusa: jinsi wanavyosubiri. Mmoja anatoa noti moja, ananyamaza, anaiacha iende. Hana namna nyingine, maana humo ukikosea, kosa linakaa na wenzako sekunde zote hizo.

Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 11 cha Maungamo, anauliza tunaipimaje sauti ambayo imekwisha kupita. Jibu lake ni kwamba tunapima kilichobaki katika kumbukumbu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo Misa zetu nyingi zinapokosa kitu. Hatumwachii mtu nafasi ya kubaki na chochote. Somo likiisha, kinanda. Komunyo ikiisha, wimbo wa pili, wa tatu, spika zikiwa juu hadi mabati yanatetemeka.

Wengine watasema Mwafrika humsifu Mungu kwa ngoma na vigelegele, na ukimya ni mambo ya Wazungu. Ngoma naipenda, na mimi mwenyewe huipiga. Lakini mzee wa hapa akingoja maji yajae ili mtumbwi wake uelee, hukaa kimya akisikiliza mikoko, na hakuna Mzungu aliyemfundisha.

Tena ukimya umeagizwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya 1963, unataka ukimya mtakatifu kwa wakati wake. Mwongozo wa Misale, namba 45, unautaja katika tendo la toba, baada ya kualikwa kusali, baada ya somo au mahubiri, na baada ya Komunyo. Wimbo baada ya Komunyo unaruhusiwa. Namba 88 inasema hivyo. Wimbo mmoja.

Walimu wa kwaya, najua mmefanya mazoezi ya nyimbo tano. Ya tano iwekeni Jumapili ijayo. Mpiga kinanda aondoe mikono, na padre asiharakishe kusema "Tuombe".