Asiyesikia la mdogo naye huvunjika guu

Mniwie radhi kwa ukimya wa wiki hizi mbili. Nilikuwa nyumbani Katesh, nikipigwa na upepo wa Mlima Hanang na kula makande ya mama badala ya chipsi mayai za mjini. Nimerudi na jambo moja limenikaa rohoni. Nikilinyamazia litanipa vidonda vya tumbo, kwa hiyo ngoja nilitoe hapa.

Siku moja nilipanda Noah kutoka Katesh kwenda Haydom kumwona shangazi aliyelazwa. Hizi Noah za kwetu mnazijua. Siti ya watatu inakaliwa na wanne, kuku yuko chini ya miguu, na gunia la mahindi liko juu ya keria. Tukapita Basotu, mvua ikaanza, na mbele tukakuta korongo limejaa maji. Gari ilikuwa imevuka hapo hapo asubuhi kwenda Katesh. Konda, kijana wa kama miaka kumi na saba, akashuka kuangalia. Akarudi dirishani na kumwambia dereva kwa sauti ya chini:

"Bro, maji yamepanda. Asubuhi lile jiwe lilikuwa linaonekana. Sasa hivi halionekani."

Dereva hata hakumtazama. "Dogo, mimi njia hii nimeendesha miaka kumi na mitano. Panda gari."

Abiria wa nyuma wakadakia. "Pita bwana, unataka tulale porini?" Mzee mmoja aliyejifunga shuka akasema tusubiri kidogo, maji ya korongo hushuka haraka kama yalivyopanda. Hakuna aliyemjibu. Tukaingia.

Katikati ya korongo injini ikazima. Maji yakaanza kuingia kwa chini ya mlango, gari ikasukumwa pembeni kama mtu anayegeuza kitanda, na akina mama wakaanza kupiga kelele. Tuliokolewa na vijana waliokuwa wakichunga ng'ombe ng'ambo. Waliingia majini, nasi wanaume tukashuka, tukasukuma. Gunia likaenda na maji, simu zikalowa, lakini hakufa mtu.

Sasa sikieni kinachoniuma. Mimi nilikuwa nimekaa dirishani. Nilisikia alichosema konda, nikatazama, na kweli jiwe halikuonekana. Mimi niliyesoma chuo kikuu, ninayelipwa mshahara kwa kazi ya kuuliza maswali, nilinyamaza. Niliona haya kumpinga mtu mzima mbele ya gari zima. Watu wa Katesh hatuna sababu ya kudharau maji. Desemba 3, 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalifunika nyumba na kuua zaidi ya watu 80. Bado nilinyamaza.

Haydom kuna kiwanja kidogo ambapo ndege za huduma za afya zimekuwa zikitua kwa miaka mingi. Nikiwa nasubiri muda wa kuona wagonjwa nikaanza kuwaza: hivi rubani wa ndege ndogo akikutana na wingu jeusi juu ya bonde, anaamuaje? Na kama aliyekaa pembeni yake ndiye aliyeliona kwanza, anamwambiaje? Niliporudi mjini nikazama kusoma. Nilichokisoma kinatuhusu sana, hata sisi ambao usafiri wetu ni daladala.

Nianze na Waafrika Mashariki wenzetu. Usiku wa Mei 5, 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways, safari namba 507, iliruka kutoka Douala nchini Cameroon kuelekea Nairobi. Ilikuwa na watu 114. Kulikuwa na mvua ya radi, na safari ilikuwa imechelewa zaidi ya saa nzima. Ndege za mashirika mengine mawili ziliamua kusubiri hali ya hewa itulie. Hii iliondoka, tena bila kupata kibali cha mwisho cha mnara. Haikumaliza dakika mbili angani. Iliangukia kwenye kinamasi cha mikoko kilomita chache tu kutoka uwanjani, na wote 114 wakafa.

Ripoti ya uchunguzi ilitoka mwaka 2010, na ukiisoma usiku hulali. Ndege ilikuwa mpya, haijatimiza hata mwaka, na injini zilifanya kazi vizuri. Kapteni, mwenye umri wa miaka 52, aliagiza mtambo wa kuiongoza ndege uwashwe. Rubani msaidizi, kijana wa miaka 23, hakuthibitisha, na mtambo haukuwashwa. Kapteni akaamini umewashwa. Kwa karibu dakika nzima ndege ilikuwa haina mwongozaji, ikilalia kulia taratibu gizani, na hakuna aliyekuwa akitazama vyombo kama inavyotakiwa. King'ora kilipolia walishachelewa. Kapteni akachanganyikiwa juu ni wapi na chini ni wapi, na alichofanya kikazidisha ulalo. Wachunguzi waligusa pia jambo ambalo sisi hatupendi kuligusa: tabia za watu wawili. Kapteni alikuwa mtu wa msimamo mkali, msaidizi alikuwa mpole asiyejitokeza. Kijana alikuja kupaza sauti mwishoni kabisa, sekunde zikiwa zimekwisha.

Miaka 52 na miaka 23. Baba na mtoto. Ni nani kati yetu hajawahi kukaa kwenye kiti cha yule kijana?

Msidhani ni ugonjwa wa Waafrika. Machi 27, 1977, huko Tenerife, ndege mbili za Boeing 747, ya KLM na ya Pan Am, ziligongana uwanjani kwenye ukungu. Walikufa watu 583, na hadi leo hakuna ajali ya ndege mbili kugongana iliyoua wengi kuliko hiyo. Kapteni wa KLM alikuwa miongoni mwa walimu wakubwa wa shirika lake, mtu ambaye picha yake ilitumika kwenye matangazo. Alianza kukimbiza ndege bila kibali cha kuruka. Fundi wa ndege, aliyekuwa amekaa nyuma yake, aliuliza kama wale wa Pan Am wameshatoka njiani. Akajibiwa kwa kujiamini kwamba wametoka. Hakuuliza tena. Mwaka uliofuata, Desemba 28, 1978, ndege ya United iliishiwa mafuta ikizunguka karibu na Portland, Marekani. Kapteni alikuwa ameshughulika na tatizo la magurudumu, na wenzake waliokuwa wakiona mafuta yanapungua hawakusema kwa nguvu ya kumshtua. Walikufa watu 10.

Baada ya hapo wenye ndege waliamua kuacha kujidanganya. Mwaka 1979 NASA iliwakutanisha wataalamu, na mwaka 1981 United ikaanza kuwafundisha marubani wake namna ya kufanya kazi pamoja. Somo hilo lilisambaa duniani kote, na ukilichuja linabaki na mambo mawili. Mdogo anafundishwa kusema, na mkubwa anafundishwa kusikia. Yote mawili yanafundishwa darasani na kupimwa, maana hakuna hata moja linalokuja lenyewe.

Mdogo hafundishwi kufoka wala kukosa adabu. Anafundishwa hatua. Mwite mwenzako. Sema unachokiona. Sema una wasiwasi gani. Pendekeza la kufanya. Halafu omba jibu. "Kapteni, tunashuka haraka mno, nina wasiwasi, napendekeza tupae tuzunguke upya. Unasemaje?" Hapo kuna tusi gani? Na kupaa upya hakuhesabiwi kuwa aibu. Rubani anayeghairi kutua huhesabiwa kuwa amefanya kazi yake.

Kingine kilichonifurahisha ni kwamba marubani hawaamini kumbukumbu zao wenyewe. Oktoba 1935 ndege mpya ya majaribio ya Boeing ilianguka Ohio ikiwa mikononi mwa rubani mzoefu, kwa sababu kizuizi kinachofunga mabawa madogo ya kuongozea hakikuwa kimefunguliwa. Hakuna aliyesema rubani hajui kazi. Walisema ndege imekuwa na mambo mengi kuliko kichwa cha mtu mmoja. Ndipo ikazaliwa ile karatasi ya ukaguzi inayosomwa kwa sauti kila safari, hata na mwenye saa 20,000 angani. Miaka kumi na mitano ya dereva wangu wa Noah isingemwondolea karatasi hiyo.

Mamlaka ya anga ya Marekani inawafundisha marubani kujikagua kwa mitazamo mitano ya hatari. Niliisoma nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Wa kwanza ni "usinifundishe kazi". Wa pili ni "fanya chochote, fanya upesi". Wa tatu ni "mimi hayanipati". Wa nne ni "mimi naweza, ngoja uone". Wa tano ni "liwalo na liwe". Mbona wote walikuwa ndani ya Noah yetu? Dereva alikuwa na wa kwanza na wa nne. Abiria wa nyuma walikuwa na wa pili. Mimi nilikuwa na wa tano, na huo ndio unaotumaliza Watanzania. Tumeupa hata methali: ajali haina kinga. Siku yako ikifika imefika. Kwa marubani kila mtazamo una dawa yake, na dawa ya huo wa tano ni kujiambia kwamba mimi si mtu wa kukaa tu, ninaweza kubadili kitu.

Sasa nigeukie kwetu waandishi, maana mkuki kwa nguruwe usiwe mtamu. Nimeandika habari za ajali za barabarani nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Aya ya tatu huwa ile ile: chanzo cha ajali ni uzembe wa dereva. Nukta. Tunachapisha, kesho tunaandika nyingine. Hatuulizi aliamka saa ngapi, nani alimpangia muda wa kufika, au konda alisema nini akaambiwa panda gari. Neno "uzembe" linafunga mjadala mahali ambapo ulipaswa kuanza.

Kwenye ndege sheria ya kimataifa inasema wazi kwamba lengo pekee la uchunguzi wa ajali ni kuzuia nyingine, na si kugawa lawama. Sisi wenyewe tunao utaratibu huo. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ilipotumbukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 kati ya 43 wakafariki wakiwemo marubani wote wawili, kitengo cha serikali cha kuchunguza ajali za ndege kilifanya kazi na ripoti ikaandikwa. Hata uokoaji ulitazamwa, maana wavuvi ndio waliofika kwanza. Swali langu ni dogo tu. Kwa nini abiria wa ndege anastahili ripoti, na abiria wa Noah anastahili sentensi moja?

Najua kuna watakaosema naleta uzungu, nataka watoto wabishane na wakubwa. Hapana. Shikamoo ibaki. Nimelelewa Katesh na sitaki kulelewa upya. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ni kweli, maana mkuu ameona mengi. Lakini pale korongoni aliyeona ni mdogo, kwa kuwa ndiye aliyeshuka kuangalia. Na mzee mwenye shuka, aliyekuwa mkubwa kuliko sisi sote, hakusikilizwa vilevile. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba tulikuwa tunalinda heshima ya wakubwa. Tuliilinda heshima ya aliyeshika usukani, basi.

Hili halihusu magari tu. Muuguzi anayeona daktari anakosea dozi, karani anayeona mhasibu mkuu ameruka mstari, mwandishi mchanga anayeona mhariri ameweka idadi ya vifo isiyo sahihi, wote wamekaa kiti cha yule kijana wa Douala. Tumefundishwa kunyamaza vizuri mno, tena tunasifiwa kwa hilo.

Nimejiwekea ahadi moja, nanyi mnishike nayo. Safari ijayo nikiona jiwe halionekani, nitasema. Nitaanza na shikamoo, nitasema ninachokiona, nitasema ninachokihofia, nitapendekeza tusubiri, na nitamuuliza dereva anasemaje. Akiniambia nikae kimya nitashuka nitembee, hata kama ni porini na ni usiku.

Shangazi ameruhusiwa na anaendelea vizuri. Konda bado anafanya kazi kwenye Noah ile. Siku narudi nilimkuta stendi ya Katesh, nikampa mkono na kumwambia kwamba siku ile yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Akatazama chini, akacheka kwa haya, akajibu, "Aah, braza, yule ni bosi. Ningefanyaje?"

Swali lake nimelibeba hadi huku mjini. Nawaachia na nyinyi.