Mwenye Simu ya Kukunja Asichekwe

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii huandikwa katika insha kila muhula na kupewa alama. Lakini ikifika Jumamosi sokoni, mwanafunzi akitoa simu ya vitufe mfukoni, wenzake humcheka mpaka machozi. "Kabambe!" "Mulika mwizi!" Na akiwa na ile ya kukunja, yenye bawaba kama sanduku, basi ataitwa mshamba mpaka afike kwao. Maoni yangu ni kwamba kicheko hiki si mchezo. Kinawagharimu watu, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuipe simu yenyewe heshima yake. Simu za kukunja zilianza kuvuma mwaka 1996, kampuni ya Motorola ilipotoa StarTAC. Mwaka 2004 ikatoka Razr V3, nyembamba na ya kung'aa, na wenye pesa wakaipigania. Upande wa zile zisizokunjwa, Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilikuwa na tochi kichwani, na simu za aina hiyo ndizo Wakenya walizozipa jina la mulika mwizi. Nokia 1100 ziliuzwa zaidi ya milioni 200 kote duniani. Je, wote hao walikuwa washamba?

Pili, tuulize simu ni ya kazi gani. M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007, iliundwa kwa ajili ya simu hizi hizi. Menyu yake imo ndani ya laini, wala haihitaji bando. Ndiyo sababu mama mboga wa hapa Mai Mahiu anapokea pesa za sukuma wiki kwa kabambe iliyofungwa raba, na hakuna mteja anayemwambia kwamba pesa zake ni za kizamani. Kupiga, kupokea, ujumbe wa herufi 160, kutuma pesa, redio na tochi. Mtu wa kawaida akimaliza hayo, kazi nyingi za siku amezimaliza.

Isitoshe, kuna suala la chaji. Simu ya vitufe yenye betri nzuri hukaa siku kadhaa. Ile ya kioo kikubwa huanza kulia jioni ya siku ile ile, na stima nayo hupotea bila kuaga. Sisi wa Mai Mahiu hatuhitaji kufundishwa maana ya simu iliyo hewani. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yalibomoa tuta la reli kule Old Kijabe yakazoa nyumba za Kamuchiri, na watu zaidi ya 40 wakaaga dunia. Siku kama ile, ndugu walio mbali hawakuulizi kamera yako ni ya aina gani. Wanataka jambo moja tu: uitike.

Sasa nije kwenye kiini cha maneno yangu. Kijana anayechekwa hutafuta njia ya kunyamazisha kicheko. Simu ya kioo haiokotwi, kwa hivyo njia ni tatu. Ya kwanza ni kumsumbua mzazi mpaka aguse pesa za karo. Ya pili ni simu ya mkopo, ile ya kulipia kidogo kidogo. Shilingi 50 kwa siku zaonekana si kitu, lakini hebu tupige hesabu: kwa mwaka ni shilingi 18,250. Na ukikosa kulipa, simu inajifunga na kukaa mfukoni kama kigae. Mzazi anayefanya kibarua atazitoa wapi hizo 50 siku ambayo hakuna kibarua?

Njia ya tatu ndiyo inayonitia hofu, na sisi wasichana wa hapa tunaijua ingawa hatuisemi. Mji wetu ni wa barabara kuu. Malori ya kwenda Uganda na kwingineko hulala hapa. Madereva wengi ni watu wa heshima. Baadhi yao ni baba na wajomba zetu. Hata hivyo wako wanaume, wenye malori na wasio na malori, ambao wakimwona msichana anaionea haya simu yake, humwahidi nyingine. Mkono mtupu haulambwi, na mkono uliojaa nao hautoi bure. Yuko msichana niliyekaa naye dawati moja Kidato cha Kwanza, ambaye leo yuko nyumbani akilea. Simu aliyopewa ilipasuka kioo kabla mtoto hajazaliwa. Sisemi kwamba simu pekee ndiyo iliyomponza. Nasema kwamba waliomcheka kabambe yake walimsukuma hatua ya kwanza.

Najua wako watakaonipinga. Watasema, "Dunia imesonga mbele, masomo yako kwenye intaneti." Kuna ukweli hapo. Matokeo ya KCSE ya mwaka 2024 yalipotolewa Januari 2025, watahiniwa walielekezwa kuyatazama katika tovuti ya KNEC. Lakini hayo hutazamwa mara moja maishani, na saiba ziko. Tena tukumbuke kwamba mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, mwanafunzi mwenye kabambe aliweza kupata masomo na maswali kwa ujumbe mfupi kupitia Shupavu 291. Simu ndogo haimzuii mtu kusoma. Na tuseme ukweli, ni wangapi kati yetu wenye simu ya kioo ambao huwasha bando wakatafuta hesabu za logi? Aghalabu ni video, na usiku unakwisha.

Hapa nina ombi kwa walimu wetu, nalo nalitoa kwa adabu. Maswali ya likizo yakitumwa kwa WhatsApp, nakala moja ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Karatasi moja tu itamwondolea mwanafunzi sababu ya kuomba simu asiyoweza kuilipia.

Kwa anayetaka kununua simu ya kukunja ya zamani, asikurupuke. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ifungue na kuifunga mara kumi mbele ya fundi, kwa maana utepe unaounganisha kioo na vitufe hupita kwenye bawaba, na ukichakaa kioo huzima ukifungua. Bonyeza kila kitufe kuanzia 0 hadi 9; kimoja kikifa, namba yako ya siri itakutesa. Toa betri uiweke mezani na kuizungusha. Ikizunguka kama pia, imevimba, usiichukue. Uliza kama betri na chaja ya aina hiyo bado zinapatikana. Kisha bonyeza *#06#, utaona namba ya tarakimu 15. Ilingane na ile iliyoandikwa chini ya betri. Zikitofautiana, iache, huenda ni ya wizi au bandia. Mwishoni mwa Septemba 2012 simu bandia zaidi ya milioni moja zilizimwa humu nchini, na wenyewe wakabaki na plastiki. Mwisho, dai risiti. Yangu ya kukunja, ambayo hukaa nyumbani siku za shule, ilinunuliwa hivyo kwa shilingi 1,500. Haidaiwi na mtu.

Sidai kwamba simu hizi zitadumu milele. Nyingi hutumia mtandao wa 2G, ambao hapa kwetu bado unafanya kazi. Huko Marekani kampuni ya AT&T iliuzima wake tangu mwanzo wa 2017, na simu nyingi nzuri zikawa bure. Siku yetu pia huenda ikaja. Lakini hata hapo haitakuwa lazima kukimbilia deni, kwani simu mpya za kukunja zinazotumia 4G zinatengenezwa. Nokia 2660 Flip, kwa mfano, ilitoka mwaka 2022.

Kwa hivyo, wenzangu, sikatazi mtu kuwa na simu ya kioo. Mwenye nacho na atumie, na Mungu amzidishie. Ninachokataa ni kumpima mtu kwa kioo cha simu yake. Jumamosi ijayo ukimwona mwenzako sokoni akikunjua simu yake, msalimie, umwombe namba, uende zako. Ukikosa la kusema, nyamaza. Huenda kunyamaza kwako kukamwacha mtu darasani mpaka Kidato cha Nne.