Dalali Akibisha Hodi, Muulize Amri

Vijana wenzangu wa Dodoma, mama lishe wa Majengo anatishiwa kubebewa godoro na sufuria kwa deni la kausha damu. Nasema hivi: asiye na amri ya mahakama siyo dalali, ni mbabe tu. Na hata akiwa nayo, Sura ya 33 ya Sheria inakinga nguo, matandiko na vyombo vya kupikia vya lazima. Jembe la mkulima wa Bahi pia.

Deni lililohukumiwa tulipe, ila mahakamani. Ukimpa mdai mkononi, hakikisha imeingia kwenye jalada. Isiporekodiwa mahakama haiitambui, utalipa mara mbili. Hela huna? Omba kulipa kwa awamu. Wabunge wako hapa hapa mjini, mbona haya hawayasemi sokoni?