Mafuta ya Kukinga Jua ni Dawa, Si Pambo

Wako watumishi wetu wa umma, tena wenye elimu ya kutosha, ambao wakisikia habari za mafuta ya kukinga jua hucheka na kusema kwamba hayo ni mambo ya watalii wanaojianika ufukweni. Na katika mikoa ya Mbeya na Iringa kicheko hicho huongezewa hoja ya pili: kwamba huku ni nchi ya baridi, watu huvaa makoti mwezi Juni, na jua lenyewe halina makali. Hoja hii ni potofu, na upotofu wake unagharimu maisha ya wananchi.

Joto tunalolihisi juani na mionzi inayoharibu ngozi ni vitu viwili mbalimbali. Mionzi hiyo, iitwayo urujuanimno, haionekani kwa macho wala haihisiki mwilini. Upepo wa Iringa huweza kuliondoa joto, lakini hauwezi kuiondoa mionzi. Mawingu mepesi yanayotanda juu ya Mbeya huipitisha sehemu yake kubwa. Zaidi ya hayo upo mwinuko wa nchi yenyewe. Kwa kila mita 1,000 kutoka usawa wa bahari mionzi huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10, kwa kuwa hewa ya kuichuja inapungua. Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Basi, mbingu zikiwa safi kote kuwili, mtoto anayetetemeka ndani ya sweta mstarini huko Mbeya hupigwa na mionzi mikali kuliko mwenzake wa Dar es Salaam anayetokwa jasho.

Wengi wetu hatulioni jambo hili kwa sababu tumezaliwa na kinga. Melanini, ile rangi iliyomo katika ngozi nyeusi, hufyonza sehemu kubwa ya mionzi kabla haijafika ndani. Mwenye ualbino hana kinga hiyo, au anayo kidogo mno. Nchini Tanzania hukisiwa kwamba mtu mmoja katika kila watu 1,400 huzaliwa na hali hiyo. Mwaka 1985 madaktari waliowachunguza watu wenye ualbino mjini Dar es Salaam walieleza kwamba waliofika umri wa miaka 20 walikuwa tayari na saratani ya ngozi au madoa yanayoitangulia. Umri huo ni wa kijana anayetoka shule kuanza maisha. Tumepiga kelele nyingi, na kwa haki kabisa, dhidi ya wauaji waliowawinda ndugu zetu hawa kwa mapanga. Jua huwaua polepole, wala halihitaji mganga wa kupiga ramli, nasi tumenyamaza.

Kazi ya mafuta haya haina uchawi wowote. Baadhi huwa na unga laini wa oksidi ya zinki, mengine huwa na kemikali nyingine. Vyote huifyonza mionzi au kuitawanya kabla haijazifikia chembehai za ngozi na kuharibu vinasaba vyake, uharibifu ambao ndio chanzo cha saratani. Mafuta yenye kipimo cha kinga 30 huruhusu takribani sehemu moja tu katika 30 ya mionzi inayounguza. Lakini hayo ni mafuta yaliyopakwa kwa wingi, kabla ya kutoka nje, na kupakwa tena kila baada ya saa mbili. Mwenye kupaka kidogo ili chupa idumu mwezi mzima anajidanganya. Na mkulima wa mahindi wa Mbarali, au mchuma chai wa Mufindi mwenye mtoto wa namna hiyo, atapaka vipi kwa wingi kitu kinachouzwa mjini pamoja na manukato?

Hapa nitasema jambo litakalowaudhi baadhi ya wasomaji. Masokoni mwetu hakukosekani mkorogo. Wapo wenye mishahara wanaonunua, tena kwa siri, dawa zilizopigwa marufuku ili waichubue melanini waliyojaliwa, na hawalalamiki bei. Kisha watu hao hao hukaa vikaoni na kutuambia kuwa mafuta ya kumwokoa mtoto asiye na melanini ni anasa! Wala kisingizio cha fedha za kigeni hakitoshi. Mjini Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, yalitengenezwa mafuta ya Kilisun mahususi kwa watu wenye ualbino. Ujuzi huo umeonekana hapa hapa nchini.

Ndugu walimu nao wasijitoe lawamani. Katika shule moja ya mkoa wa Iringa nilimkuta mwanafunzi mwenye ualbino amevuliwa kofia mstarini, eti kofia si sehemu ya sare. Masikio na midomo yake ilikuwa imepasuka. Mwalimu yule hakuwa mkatili. Alikuwa akitii kanuni asiyoifikiria. Kofia pana, mikono mirefu, na shamba la shule kulimwa asubuhi na mapema badala ya saa sita ya mchana, havihitaji kibali cha wizara wala senti moja ya bajeti. Mafuta peke yake, bila nguo na kivuli, hayatoshi.

Hata hivyo, kofia haifuniki uso wote, na mafuta lazima yapatikane. Mahali pake ni zahanati, rafu moja na dawa za malaria, yakitolewa bila malipo kwa yule ambaye ngozi yake haiwezi kujikinga. Kila mwalimu mkuu anawajua wanafunzi wake wenye ualbino kwa majina. Aandike orodha, aipeleke kwa mganga mkuu wa wilaya, na mganga mkuu aiweke mezani kabla halmashauri haijapitisha makisio ya mwaka ujao.