Trekta baada ya mavuno: silaha dhidi ya funza wa pamba

Mjadala wa wadudu wa pamba katika Afrika Mashariki mara nyingi huishia kwenye chupa ya dawa: imefika lini, ni halisi au feki, na mkulima atakatwa kiasi gani. Trekta hutajwa wakati wa kuandaa shamba tu. Lakini kwingineko mashine hufanya kazi kubwa dhidi ya wadudu pale pamba inapokwisha kuvunwa.

Nchini Australia, funza wa vitumba, yule yule anayewatesa wakulima wa Simiyu na Shinyanga, hujizika ardhini wakati wa baridi akisubiri kugeuka nondo. Trekta likipita na jembe lenye kufikia kina cha sentimita 10, humponda au kufukia kitundu chake cha kutokea. Kwa miaka mingi, ulimaji huo ulikuwa sharti kwa wanaopanda pamba ya Bt, ili funza wachache waliostahimili sumu wasizaliane. Marekani nako mashine za kukatakata masalia na kuyafukia zilikuwa sehemu ya kampeni iliyomwondoa funza wa pinki katika mashamba yake ya pamba, jambo lililotangazwa mwaka 2018. Mbegu za Bt na nondo tasa zilichangia pia, na si haki kulipa jembe sifa zote.

Kwetu hesabu ni tofauti kidogo. Karibu na ikweta funza wa vitumba halali muda mrefu, na pamba ikiisha huhamia kwenye mahindi, dengu na nyanya. Kumlimia shamba moja hakutoshi. Vidukari ndiyo kabisa, jembe haliwagusi.

Funza mwekundu ni habari nyingine. Huyu hutegemea pamba karibu peke yake na hulala ardhini, hivyo kung'oa masalia na maotea kisha kulima humkata chakula na makazi. Ni kwa kumhofia yeye, aliyeko Malawi, Zambia na Msumbiji, kwamba Tanzania ilipiga marufuku kilimo cha pamba kusini kwa miaka mingi.

Tatizo ni nani alipe. Baada ya mavuno ardhi imekauka, jembe la ng'ombe haliingii, na mkulima ana madeni. Mwenye trekta naye hataki kufuata ekari mbili hapa na tatu kule. Kampuni za uchambuaji zinazokata fedha za pembejeo zingeweza kukata na za kulima kijiji kizima kwa wiki moja. Jirani mmoja akibaki na maotea, kazi ya wengine inapungua sana.

Wasafirishaji nao wanahusika. Funza wa pinki husafiri ndani ya mbegu, kwa hiyo lori lililoshusha pamba mbegu kinuni likavuka mpaka bila kufagiwa linaweza kumpeleka mdudu ambako trekta limekwisha kumfukuza.