GEMU FUPI, USIKU MREFU



Kijana wangu, nisome mpaka mwisho kabla hujaanza kunijibu.

Kila tukizungumzia gemu, jawabu ni lile lile: "Sheikh, hii si kamari. Haina picha chafu. Ni ya bure, wametengeneza mashabiki tu, tena ni fupi. Dakika 20 imekwisha."

Haya, tuzitazame hizo dakika 20.

Wachezaji wanazijua gemu za Touhou. Asili yake ni Japani, kazi ya mtu mmoja anayejiita ZUN, aliyeanza kuzitoa miaka ya 1990. Amewaruhusu mashabiki watengeneze zao, nao wametengeneza nyingi mno, zikiwemo fupi za kukata maadui kwa upanga huku risasi zinamiminika skrini nzima kama mvua ya masika. Wajapani huita hali hiyo kwa neno lenye maana ya pazia la risasi. Unapenya, unakata, unaguswa, unakufa. Unaanza tena.

Mtego uko hapo kwenye "unaanza tena". Gemu ya namna hii haikutengenezwa uimalize kwa mara moja. Imetengenezwa ufe, tena ufe bosi akiwa karibu kuanguka, ili mkono urudi wenyewe kwenye kitufe. Anayeimaliza kwa dakika 20 ni yule aliyekwisha kufa humo mara nyingi asizozihesabu. Wewe umekaa baada ya Isha, umeinua kichwa saa nane usiku. Umeamka jua limetoka, Alfajiri imekupita, na bado ulimi unasema "gemu fupi".

Wala usiniambie dini imekataza furaha. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Mama Aisha (r.a.). Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi, naye akawaacha. Lakini mbio zile zilikuwa na mwisho, na mchezo wa Idi uliisha. Na Mtume huyo huyo alichukia watu kukaa kwenye mazungumzo baada ya Isha. Mazungumzo tu! Wanazuoni wakaeleza: usiku ukiliwa na maneno, inayolipa ni Alfajiri. Sasa mwenzako unayezungumza naye atachoka, atapiga miayo, atakuaga. Gemu haipigi miayo.

Na neno "bure" lisikudanganye. Hukutoa shilingi, umetoa usiku. Mali tutaulizwa, na umri pia tutaulizwa tumeumaliza katika nini.

Sasa sikiliza linaloniuma zaidi.

Ukiambiwa uhifadhi Suratul Mulk, aya 30, unasema: "Sheikh, kichwa changu kizito." Kizito? Kichwa hicho hicho kimehifadhi bosi anarusha risasi kutoka upande gani, anatulia wapi, na pengo la kupita linafunguka lini. Umekufa mara 40 na hukukata tamaa. Kwenye Qur'ani umekosea mara mbili, ukafunga msahafu. Basi usisingizie akili, wala usisingizie subira. Allah amekupa vyote viwili, na ushahidi umeutoa mwenyewe kwa vidole vyako.

Mtazame na huyo shabiki aliyeitengeneza. Mhusika mkuu wa Touhou ni Reimu, binti anayehudumia hekalu la Kishinto. Kwa ajili ya hadithi ya kubuni ya hekalu, mtu amekesha akichora na kuandika programu, hakulipwa, kwa mapenzi tu. Sisi tunasema tunampenda Mtume (s.a.w.). Nyinyi mnaojua kompyuta, nani kati yenu amewatengenezea watoto wa madrasa japo programu ndogo ya kujifunza alifu na bee, bila malipo, kwa mapenzi tu?

Sikuhukumu. Nakupa mtihani wa kujipima mwenyewe:

1. Baada ya Isha, usifungue gemu. Simu iweke mbali na kitanda.

2. Hesabu marudio, usihesabu dakika. Mara tatu tu. Ukifa ya tatu, zima.

3. Kabla ya kucheza, hifadhi aya moja ya Suratul Mulk mpaka ikae. Siku 30, sura imekamilika.

Ukiweza, alhamdulillah, wewe ndiye unayecheza. Ukishindwa kuzima mara ya tatu, usinitafute kuniuliza hukumu ya gemu. Jawabu utakuwa umeshalipata mkononi mwako.

Ewe Mola wetu, tubarikie katika nyakati zetu, utuhifadhie swala zetu, na uwaongoze vijana wetu. Amin.

Mfikishie mwenzako ambaye saa hizi yuko macho. Wabillahi tawfiq.